Filta ya tangi la maji ya chumvi kwa mfuko mdogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tangi tunalolizungumzia lina urefu wa sentimita 80, upana 40 na kimo 40. Kwa hesabu ni lita 128, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi inayoachwa juu, maji halisi ni kama lita 100. Ni saizi ambayo fundi vioo wa mtaani anaiunda bila taabu, na inatosha samaki wadogo wanne au watano, pamoja na matumbawe laini machache baadaye. Mwenye nalo ana fedha ya kifaa kimoja kikubwa, labda viwili. Anunue nini?

Jibu letu: filta ya kuning'inia ya saizi ya AquaClear 70, pampu ndogo ya mawimbi, na mawe ya kutosha. Skima ya protini, kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, ije baadaye, ikihitajika. Kanista, yaani filta ya chombo kilichofungwa kinachokaa nje ya tangi na kuunganishwa nalo kwa mipira, ambayo wauzaji wengi huitanguliza kwa sababu ina sura ya kifaa cha maana, iwe ya mwisho kwenye orodha. Na sampu, yaani tangi la pili la kuchujia linalowekwa chini ya lile kuu, kwa tangi la lita 100 ni gharama na wasiwasi ambao anayeanza hauhitaji.

Mawe ndiyo filta yenyewe

Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu hata kwa kiasi kidogo. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Bakteria hao hawahitaji kifaa. Wanahitaji mahali pa kushika, maji yanayopita na oksijeni. Jiwe lenye vitundu huwapa vyote hivyo, na ndani kabisa ya jiwe, kusikofika oksijeni, bakteria wa aina nyingine huitoa sehemu ya nitrati kama gesi ya nitrojeni. Kwa hiyo mtu wa maji ya chumvi anayelipia kanista iliyojaa pete za kauri ananunua mara ya pili kitu ambacho tayari kimo ndani ya tangi lake. Kazi iliyobaki kwa filta ni kunasa uchafu kabla haujaoza, kuzungusha maji, na kubeba mkaa amilifu siku maji yakigeuka manjano.

Mawe hai ya dukani, yaani yale yanayouzwa yakiwa tayari na bakteria na viumbe vya baharini, ni ghali, na kuvunja matumbawe baharini ni jambo la kuachwa kabisa: matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kwenye hifadhi za bahari hairuhusiwi kuondoka hata na kipande. Mkazi wa pwani ana njia nyingine. Jiwe la matumbawe ya kale, lile linalochongwa machimboni Kilifi kwa ajili ya kujengea nyumba, ni chokaa iliyotokana na miamba ya bahari ya zamani. Mabonge na vipande vinavyotupwa kwa kuwa havina umbo la tofali ndivyo hasa unavyovitaka. Chagua vyepesi, vyenye matundu yanayoonekana. Usichukue kifusi cha nyumba iliyobomolewa, maana kimebeba saruji, rangi na miaka ya mikojo ya popo na panya.

Yasugue kwa brashi ngumu, yaloweke siku nzima kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu moja kwa maji sehemu 10, kisha yasuuze na kuyaanika juani mpaka harufu ya jiki iishe kabisa. Halafu yaloweke kwenye maji safi wiki mbili, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Maji yakiendelea kunuka udongo au kuwa na utelezi, ongeza wiki. Jiwe la nchi kavu huwa limezibwa vitundu vingi kwa madini, hivyo usiende kwa makadirio ya mawe hai. Kwa lita 100 weka kilo 12 hadi 15. Yapange juu ya kioo kwanza, mchanga ufuate, la sivyo samaki wachimbaji watayaangusha. Acha mapango ya kupitisha maji nyuma na katikati.

Kisha anza kukuza bakteria. Kipande cha kamba mbichi, kiasi cha nusu kidole, kikioza ndani ya tangi kitatoa amonia ya kutosha. Hapo unasubiri wiki nne hadi sita bila samaki hata mmoja. Utajua mambo yamekamilika pale amonia na nitriti zinaposoma sifuri na nitrati ipo. Kipimo cha maji ya chumvi cha kampuni ya API kinatosha kwa kazi hii, ila chupa ya pili ya kipimo cha nitrati lazima itikiswe kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, na mrija nao utikiswe dakika nzima. Wengi hudokoadokoa tu, wanasoma sifuri, wanafurahi, kumbe dawa imejikusanya chini ya chupa.

AquaClear 70, na kwa nini tunaipendelea

Hii inaning'inia nyuma ya tangi. Mtengenezaji anaipa lita 1,135 kwa saa. Ikishawekwa sponji na kuanza kuchafuka hupungua, lakini hata hivyo inazidi mara saba nane ujazo wa tangi letu kwa saa. Tunachokipenda ni sanduku lake: ni pana na wazi, halikulazimishi kununua kaseti maalumu kila mwezi kama zile filta nyembamba za bei ya chini ambazo ukitupa kaseti unatupa na bakteria. Hapa unaweka unachotaka.

Maji huingia chini na kupanda juu, hivyo sponji nene hukaa chini. Juu yake weka pamba ya kuchujia. Pamba ya poliesta ya mafundi makochi inafaa ikiwa haikupuliziwa dawa yoyote, lakini isiwe sufi: sufi ni ya mti, huelea, kisha huoza. Mfuko wa mkaa amilifu uweke wiki moja kwa mwezi, uutoe. Zile kauri zinazokuja nayo zinaweza kukaa mwanzoni mawe yakiwa bado mapya. Baada ya miezi kadhaa zitoe kidogokidogo na nafasi yake uweke mwani wa kaetomofa (Chaetomorpha) pamoja na taa ndogo ya LED nyuma ya sanduku. Mwani unakula nitrati na fosfati, nawe unapunguza kiganja kimoja kila unapojaa. Kifaa cha bei hiyo kinachogeuka bustani ya mwani ni vigumu kukikosoa.

Pamba ibadilishwe kila baada ya siku tatu hadi saba. Sponji ioshwe kila wiki ndani ya maji uliyotoa tangini, isioshwe bombani, kwa sababu klorini inaua bakteria.

Kasoro zake zipo. Mota imeshikwa chini ya sanduku kwa kuzungushwa, na kati yake kuna mpira wa kuzuia maji. Ukiifungua kuisafisha na kuirudisha huku punje ya mchanga imekaa kwenye mpira huo, itavuja tone kwa tone, na tone la maji ya chumvi linalofuata waya hadi kwenye soketi linaweza kuunguza nyumba. Waya upitishwe chini ya kiwango cha soketi kwanza, ndipo upande, ili tone lidondoke sakafuni. Kipanga cha mota, yaani kile kisumaku chenye mapanga, hukwama kwa mchanga na ukoko wa chokaa. Kelele ikianza, kitoe, kiloweke kwenye siki nusu saa, kisugue, kisuuze. Na usidanganyike na ule mrija wa kupunguza mkondo: unapousogeza, maji yanayorudi tangini hupungua na mengine huzunguka tena ndani ya sanduku. Kwa tangi la chumvi uache wazi kabisa.

Umeme ukikatika kwa muda mfupi, sanduku hubaki na maji na filta huanza yenyewe unaporudi. Lakini ikiwa maji ya tangi yameshuka sana kwa uvukizi, inaweza kushindwa kuvuta na mota ikazunguka kikavu hadi iungue. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kiwango, usiruhusu kishuke zaidi ya sentimita mbili. Unapojazia, tumia maji yasiyo na chumvi. Chumvi haivukizi, ukijazia maji ya bahari, kiwango chake kitapanda siku hadi siku.

Filta hii pekee haitoshi kusukuma maji nyuma ya mawe. Ongeza pampu ya mawimbi ya lita 2,000 au zaidi kwa saa, iielekee sehemu ya juu ili uso wa maji utikisike. Ukichagua ya volti 12 au 24 za mkondo mnyoofu (DC), siku ya mgao utaiunganisha na betri ya sola.

Kanista: si mbaya, ila inadai nidhamu

Kanista za SunSun ndizo zinazopatikana kwa bei nafuu. HW-302 imeandikwa lita 1,000 kwa saa, HW-303B lita 1,400 ikiwa na taa ya UV (mionzi ya kuua vijidudu) ya wati 9. Zina nguvu, hazina kelele, na mipira miwili tu ndiyo inayoonekana tangini. Tatizo ni kwamba uchafu ulionaswa haujatoka kwenye maji. Umekaa gizani ndani ya chombo, maji yanaupitia saa zote, unaoza na kugeuka nitrati. Kwa maji ya chumvi kanista inapaswa kufunguliwa kila wiki mbili. Kufungua maana yake ni kufunga koki, kubeba chombo kizito hadi bafuni, kuosha, kufunga vizuri, kuvuta maji upya. Mwezi wa kwanza kila mtu anafanya. Mwezi wa nne hakuna anayefanya.

Jambo la pili ni umeme. Kanista imefungwa, haina hewa. Mkondo ukisimama, bakteria walio ndani humaliza oksijeni iliyopo, huanza kufa, na uozo huanza kutoa salfidi ya hidrojeni, ile harufu ya yai viza. Umeme ukirudi usiku, pampu inasukuma mchuzi huo wote juu ya samaki. Ikiwa umeme umekatika zaidi ya saa tatu au nne, ichomoe, ifungue, mwaga yaliyomo na suuza kabla ya kuiwasha. Kwa mtu anayeshinda kazini katika mji wenye mgao, hii peke yake ni sababu ya kuikataa.

Kama tayari unayo, itumie kwa sponji na mkaa tu, uondoe kauri. Mpira mkubwa wa kifuniko upake grisi ya silikoni kila unapofungua. Usiupake vaselini, mafuta ya petroli huuvimbisha mpira na ndipo unapoanza kuvuja. Taa ya UV ya HW-303B iache imezimwa wakati wa kukuza bakteria, na kwa kweli hata baadaye haitakusaidia sana.

Skima ya protini

Skima huingiza viputo vidogo sana vya hewa ndani ya maji. Mafuta, protini na uchafu mwingine ulioyeyuka hung'ang'ania kwenye uso wa viputo, vinapanda shingoni, na povu linamwagikia kikombeni. Hiki ndicho kifaa pekee kati ya vyote hivi kinachotoa uchafu ulioyeyuka nje ya maji kabla haujawa amonia. Maji yasiyo na chumvi hayatengenezi povu la namna hiyo kwa sababu viputo vyake huungana na kuwa vikubwa, ndiyo maana wafugaji wa samaki wa maziwani hawana habari nacho.

Skima ina faida nyingine isiyotajwa sana madukani: inaingiza oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yaliyojaa hewa hubeba takriban miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, kama inavyotokea kirahisi Dar es Salaam mwezi Februari, ni takriban 6.2, huku samaki wenyewe wakipumua kwa kasi zaidi.

Kwa kuwa tangi halina sampu, unahitaji ya kuning'inia. Bubble Magus QQ1 ni ya matangi madogo na ndiyo nafuu. Kwa tangi letu ipo kwenye ukingo wa uwezo wake, inafaa ukibaki na samaki wachache. Reef Octopus Classic 100 HOB ina nafasi ya kutosha na kuzidi, ila bei yake huenda ikazidi ya tangi lenyewe. Kanuni ya kununua: chukua lita alizoandika mtengenezaji, gawanya kwa mbili. Achana kabisa na skima za mti wa hewa za bei ya kutupa. Kile kijiti cha mbao huziba kila baada ya wiki chache, viputo vinakuwa vikubwa, povu linakufa.

Wiki moja hadi mbili za mwanzo skima mpya haitoi kitu, au inafurika maji meupe bila mpangilio. Plastiki bado ina mafuta ya kiwandani. Usiirekebishe kila saa. Ikishatulia, sogeza kiwango cha maji hadi kikombeni kuwe na maji ya rangi ya chai ya mkandaa. Yakiwa meupe na mengi unatupa maji ya bahari bure, yakiwa meusi kama lami shingo imeziba. Shingo ifutwe kila siku mbili tatu, kwa sababu utando wa mafuta hulivunja povu kabla halijapanda. Tundu la hewa huziba kwa chumvi: mara moja kwa mwezi lifyonzeshe maji ya moto. Povu likizama ghafla, chunguza kwanza kama kuna aliyetia mkono wenye losheni au chakula chenye mafuta. Baada ya saa kadhaa litarudi.

Je, uinunue? Hesabu ya nitrati itakuambia. Tuseme tangi linaongeza miligramu 5 za nitrati kwa lita kila wiki. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kwa wiki, nitrati itapanda hadi itulie kwenye 50, maana hapo ndipo asilimia 10 unayotoa inalingana na 5 zinazoingia. Ukibadilisha asilimia 20, itatulia kwenye 25. Kwa tangi letu asilimia 20 ni dumu moja la lita 20. Samaki peke yao wataishi vizuri hapo. Matumbawe laini yanapenda chini ya 20. Kwa hiyo ikiwa mwezi wa tatu unabadilisha dumu moja kila wiki na bado nitrati inazidi 25, au unataka kuongeza samaki, hapo skima imepata haki yake ya kununuliwa. Kabla ya hapo, dumu ni nafuu.

Dumu hilo linatoka wapi? Aliye pwani achote wakati wa bamvua, maji yakikaribia kujaa, mbali na bandari na midomo ya mito; Dar es Salaam usichote karibu na unapoishia Msimbazi, na Mombasa usichote Kilindini wala Tudor. Masika ikipamba moto acha, chumvi hupungua na uchafu wa nchi kavu hushuka. Chuja kwa kitambaa, kisha pima kwa refraktomita: unatafuta gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, au uzito linganishi wa 1.025 hadi 1.026. Aliye Nairobi au Arusha atahitaji chumvi maalumu ya akwaria, kiasi cha gramu 700 hadi 760 kwa dumu, na maji yaliyochujwa kwa RO, mtambo wa utando unaoondoa madini. Chumvi ya kupikia haifai hata ikiwa imetoka baharini, kwa kuwa inapogandishwa shambani magnesi na potasi nyingi hubaki kwenye maji yanayomwagwa.

Sponji na sampu

Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, na kila tangi liwe nayo hata kama haifanyi kazi kila siku. Iache kwenye kona ili bakteria waote. Umeme ukikatika, iunganishe na pampu ya hewa ya betri: unapata oksijeni na uchujaji pamoja. Pia ndiyo utakayoihamishia kwenye ndoo ya karantini samaki akiugua. Weka valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye mpira wa hewa, kwani pampu ikikaa chini ya usawa wa maji na umeme ukakatika, maji yatashuka kupitia mpira hadi ndani ya pampu. Kama filta kuu, hapana. Inarusha matone ya chumvi kila mahali na haishiki uchafu mdogo.

Sampu ni nzuri sana kuanzia lita 200. Chini ya hapo, fikiria hivi: tangi la sentimita 90 kwa 45 likishuka sentimita mbili tu umeme unapozimika, lita 8.1 zinashuka chini, bila kuhesabu zilizomo kwenye mabomba. Sampu isipoachwa na nafasi hiyo, sakafu ndiyo itakayopokea. Ukimpa fundi vioo aiunde, msisitizie silikoni isiyo na dawa ya kuvu. Ile ya bafuni imetiwa sumu kwa makusudi. Na kioo kilichoimarishwa kwa moto hakitobolewi, kitapasuka chote.

Vifaa vilivyotumika hupatikana kwa bei nzuri, hasa kwa watu wanaohama. Angalia lebo ya mota: iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 110, kwenye soketi zetu za 230 hadi 240 haimalizi dakika. Muulize muuzaji pia kama tangi lake lilitiwa dawa ya shaba kutibu samaki. Shaba hujificha kwenye silikoni, sponji na mawe, halafu hurudi majini polepole. Samaki watavumilia, lakini kamba na matumbawe watakufa. Jibu likiwa ndiyo, au akisitasita, chukua mota tu, uioshe kwa siki, na sponji zake umwachie.